Adabu ya Mnyama na Amana ya Mwenye Kumfundisha: Mbwa na Farasi katika Fiqhi na Historia ya Waislamu

 

Katika mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alinikalia kitako kijana mmoja katika wanaosali nasi. Amepata kazi ya ulinzi wa usiku katika ghala, na pamoja na rungu na tochi amekabidhiwa mbwa. Wiki tatu za mwanzo mbwa yule alikuwa akimngurumia na kukataa chakula chake. Sasa kila akikaa kwenye kiti chake getini, mbwa huja akamwekea kichwa gotini. Vijana wenziwe wa mtaani wamemwambia kwamba mshahara wake ni haramu, sala yake haisihi, na kwamba dawa ni kumpiga yule mnyama mateke mpaka akome kumsogelea. Yeye akaniuliza swali ambalo sikulitazamia: "Sheikh, mnyama huyu amekwisha kuniamini. Nikimpiga ili nisinajisike, si nitakuwa nimemfanyia hiana?"

Nilikuwa na jibu la maneno mawili mdomoni, kama ilivyo desturi yetu sisi tunaoulizwa kila siku. Lakini neno lile, hiana, lilinizuia. Hiana haiwi ila pale palipo na amana. Je, sheria yetu inatambua kwamba mnyama anaweza kumwamini mtu, na kwamba imani hiyo ina hukumu? Nilimwomba anipe siku chache, nikarudi kwenye vitabu. Haya ndugu msomaji ni sehemu ya niliyoyakuta.

Wawindaji wa Tayyi

Kabila la Tayyi, kaskazini mwa Bara Arabu, walikuwa watu wa kuwinda. Katika wakubwa wao alikuwapo Adiy bin Hatim, mwana wa yule Hatim anayepigiwa mfano kwa ukarimu, na Zayd aliyejulikana kwa jina la Zayd al-Khayl, yaani Zayd wa Farasi, mpaka Mtume (s.a.w.) akambadilishia akawa Zayd al-Khayr, Zayd wa Kheri. Ibn Kathir amenakili katika tafsiri yake kutoka kwa Said bin Jubayr kwamba wawili hawa ndio waliouliza juu ya mbwa wao wa kuwindia, na hapo ikateremka aya ya 4 ya Suratul-Maidah.

Aya hiyo wengi wetu huisoma kwa ajili ya hukumu ya vyakula tu, tukapita. Lakini mwanafunzi wa lugha atasimama penye neno moja, mukallibin. Neno hili limetokana na kalb, mbwa, nalo lina maana ya watu wanaowafundisha wanyama kuwinda. Kisha aya ikaeleza kwamba elimu wanayopewa wanyama hao ni sehemu ya elimu ambayo Mwenyezi Mungu amewapa wanadamu. Yaani mwenye mbwa akimfundisha mbwa wake anapitisha kwake kitu kilichotoka kwa Mola. Ibnul-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria, 1350 Miladia) ameitumia aya hii katika Miftahu Daris-Sa'adah kuwa ni hoja ya ubora wa elimu: mbwa ni yule yule mmoja, akijua mawindo yake ni halali, asipojua ni mzoga.

Hadithi ya Adiy, ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, ndiyo iliyofafanua. Mtume (s.a.w.) alimfundisha kwamba akimtuma mbwa wake aliyefundishwa na akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, na ale kile alichokamatiwa. Lakini mbwa akila katika windo, basi asile, kwani inachelewa kwamba mnyama amejikamatia mwenyewe. Na akikuta mbwa mwingine amechanganyika na wake pia asile, kwa kuwa yeye alilitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa mbwa wake tu, hakulitaja kwa mbwa wa mtu mwingine.

Tazama hapo uzito uliowekwa. Uhalali wa chakula cha Muislamu umefungwa na nia ya mnyama: amekamata kwa ajili yako au kwa ajili yake? Nia ya mbwa nani ataijua? Ndipo mafaqihi wakalazimika kutafuta dalili ya nje itakayoonyesha kwamba baina ya mtu huyu na mnyama huyu pana maelewano ya kweli.

Sisi wa madhehebu ya Shafi'i tuna maneno ya Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277 Miladia) katika Minhaj, kitabu ambacho mashekhe zetu wa mwambao wamekisomesha kizazi baada ya kizazi. Ameweka masharti manne. Mnyama akizuiwa na mwenyewe azuilike, akitumwa aende, akikamata ashikilie, na asile katika alichokamata. Kisha akasema mambo haya lazima yakariri, asitaje idadi, bali yakariri mpaka idhaniwe kwamba mnyama ameshapata adabu. Neno alilolitumia ni ta'addub. Ni adabu ile ile tunayomtakia mtoto anapopelekwa chuoni. Na mbwa akienda mwenyewe bila kutumwa, alichokiua hakiliwi hata kama ni hodari namna gani, kwa sababu hakuna aliyemtuma.

Mahanafi wana maelezo ambayo mimi binafsi sijaona mazuri kuliko hayo katika mlango huu. Al-Marghinani (aliyefariki 593 Hijria, 1197 Miladia), mwenye al-Hidayah, ameuliza kwa nini mbwa anashurutishwa asile, na kozi hashurutishwi hivyo, bali inatosha akiitwa arudi. Akajibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba mwili wa ndege haustahimili pigo, basi hawezi kuonywa aache kula. Ya pili ndiyo yenye faida zaidi kwetu: alama ya elimu ni kuacha ulichozoea. Kozi tabia yake ni kuwakimbia watu, kwa hiyo akirudi mkononi amevunja tabia yake na hiyo ndiyo elimu yake. Mbwa hakimbii watu, tangu hapo amewazoea. Tabia yake ni kunyakua na kula, na kwa hiyo elimu yake ni kusimama juu ya nyama iliyo moto, naye ana njaa, akakungoja wewe.

Basi kwa maneno ya faqihi huyu, kila mnyama ana kitu chake kigumu cha kukuachia, na mwalimu asiyejua kitu hicho hajui anachofundisha.

Wakakhitilafiana katika mbwa aliyeaminika kisha siku moja akala. Imam Malik hakuliona kuwa ni jambo la kuharamisha, na ipo hadithi ya Abu Tha'labah al-Khushani kwa Abu Daud inayoruhusu. Kwetu, kauli yenye nguvu ni kwamba windo lile haliliwi na mbwa aanze kufundishwa upya. Kuramba damu hakudhuru. Ama Abu Hanifa alikwenda mbali zaidi, akasema hata nyama ya mawindo ya nyuma iliyowekwa ghalani inaharamika, kwani imedhihiri kwamba tangu mwanzo mnyama hakuwa amejifunza, ulidanganyika. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye. Mimi si Mhanafi, lakini kila nikiisoma kauli hii ya Abu Hanifa huona jinsi wazee hawa walivyoichukulia imani baina ya mtu na mbwa: kitu kinachoweza kuwapo, kinachoweza kuvunjika, na kinachoweza kumbe hakikuwapo kamwe.

Riadha, siasa na adabu

Tukitoka kwa mbwa kwenda kwa farasi, daraja la kuvukia ni Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, 1111 Miladia). Katika kitabu cha Ihya kinachohusu kuifunza nafsi, aliwajibu wanaodai kwamba tabia ya mtu haibadiliki. Aliwastaajabia: vipi mtu asibadilike na hali wanyama wanabadilika? Kozi hutolewa kwenye ukiwa akazoea watu, mbwa hutolewa kwenye ulafi akajizuia, farasi hutolewa kwenye ukaidi akaongozeka. Na kitabu hicho alikiita kwa neno la watu wa farasi, riyadhah. Asili yake kwa Waarabu ni kumzoesha mwanafarasi kidogo kidogo mpaka akubali kupandwa. Sufi akalichukua kwa nafsi yake, na sisi Waswahili tukalichukua tukalipeleka uwanjani, tukaita mbio na miruko riadha.

Na si neno hilo peke yake. Siasa nayo imetoka zizini. Mtunza farasi kwa Kiarabu ni sa'is, na wazee wetu walimwita saisi. Kazi yake ni siyasah, yaani kumlisha, kumsafisha, kumtembeza na kujua leo ameamkaje. Wazee wakisema "lifanye kwa siasa" walikuwa na maana ya upole na uangalifu, kabla neno halijawa la majukwaa ya uchaguzi. Katika Sahihi Muslim, Asma binti Abi Bakr (r.a.) anasimulia maisha yake ya mwanzo na mumewe az-Zubayr (r.a.), ambaye hakuwa na mali yoyote ya maana isipokuwa farasi wake. Asma ndiye aliyemtunza, na kutoka katika shamba la mumewe, mwendo wa theluthi mbili za farsakhi, alikuwa akibeba kokwa za tende juu ya kichwa chake. Anasema hakuna kazi ya nyumbani iliyomwelemea kuliko siasa ya farasi yule. Baba yake alipompelekea mtumishi wa kumpokea kazi hiyo, alijihisi kama mtu aliyeachwa huru. Bint wa Abu Bakr as-Siddiq hakuona haya kusimulia hayo.

Na tatu ni adabu. Ipo hadithi waliyoipokea Abu Daud na wengineo kutoka kwa Uqbah bin Amir (r.a.), ambayo humo mchezo wa mtu na mkewe, kutupa mishale na kumtia farasi adabu vimetolewa katika upuuzi. Neno ni ta'dib. Ndugu wanafunzi, mtu asilifasiri neno hili kwa fimbo. Katika Sahihi Muslim Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mgumu, akawa anamvuta huku na huko, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha upole. Na katika hadithi ya Jabir (r.a.) imekatazwa kumpiga mnyama usoni. Naye Imam Malik amepokea katika Muwatta, kwa sanad ya Yahya bin Said isiyofika kwa Sahaba, kwamba Mtume (s.a.w.) alionekana akimfuta farasi wake uso kwa shuka yake mwenyewe, na alipoulizwa akaeleza kwamba usiku uliopita alilaumiwa kwa ajili ya farasi.

Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa tadhmir kutoka al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wada, na wasiofanyiwa kutoka Thaniyyah mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Mpokezi Sufyan alikadiria masafa ya kwanza kuwa maili tano au sita, na ya pili maili moja. Tadhmir ni kumnenepesha farasi kwanza, kisha kumpunguzia chakula hatua kwa hatua, huku akifunikwa matandiko bandani atoke jasho, mpaka nyama yake ikaze. Aliyewahi kumpunguzia mnyama chakula atajua kwamba jambo hili haliwi kwa mgeni. Kugawanya mbio hizo kwa masafa mawili kunaonyesha pia kwamba aliyekuwa bado hakuandaliwa hakulazimishwa mwendo wa aliyeandaliwa.

Ama kisa cha Mandub, farasi wa Abu Talha (r.a.), kinajulikana. Usiku mmoja Madina iliingia hofu kwa sauti iliyosikika. Watu walipotoka walimkuta Mtume (s.a.w.) tayari anarudi, amempanda farasi huyo bila ya tandiko, upanga shingoni, anawatuliza. Farasi yule alisifika kwa uzito wa mwendo. Mtume akamfananisha na bahari, na baada ya siku ile hapakuwa na farasi aliyempita. Wasemaji wetu hukieleza kisa hiki kwa upande wa ushujaa na wa muujiza, na wote ni haki. Mimi naongeza upande wa tatu: farasi wa mtu mwingine, usiku, katika makelele, bila ya tandiko, alikubali kwenda.

Si ajabu basi kwamba waandishi wa elimu ya furusiyya walisisitiza mwanafunzi aanze kupanda mgongo mtupu mpaka kikao chake kithibiti, ndipo apewe tandiko. Wa mwanzo mashuhuri katika fani hiyo ni Ibn Akhi Hizam, aliyetumikia mazizi ya farasi ya Bani Abbas katika karne ya tatu ya Hijria. Asiyekaa imara huning'inia kwenye hatamu, lijamu ikamkata farasi kinywa, na farasi aliyeumizwa kinywa hasahau. Miaka mia nne na zaidi baadaye, Abu Bakr bin Badr, tabibu wa farasi wa Sultani an-Nasir Muhammad bin Qalawun wa Misri (aliyefariki 741 Hijria, 1341 Miladia), alitunga kitabu kinachojulikana kwa jina la an-Nasiri. Humo utabibu wa farasi na utunzaji wake vimewekwa pamoja kama fani mbili zisizoachana.

Duma wa Shayzar

Yuko mtu mmoja ambaye kumbukumbu zake zafaa kusomwa na kila anayetaka kujua jinsi Waislamu walivyoishi na wanyama, naye ni Amir Usama bin Munqidh wa ngome ya Shayzar huko Sham (488–584 Hijria, 1095–1188 Miladia). Aliishi zama za vita vya msalaba, akapigana, akawinda, na alipofika utu uzima wa kupita kiasi akaandika Kitabul-I'tibar. Baba yake alikuwa mtu wa Qur'ani na mtu wa mawindo kwa pamoja.

Anaeleza kwamba walikuwa na duma wa kuwindia aliyewekewa mahali pake ndani ya ua wa nyumba, ametandikiwa, na kijakazi mmoja ndiye aliyekuwa akimhudumia. Katika ua huo huo walikuwamo paa na mbuzi wa kufugwa. Duma yule, ambaye porini kazi yake ilikuwa kuwakamata paa, aliingia nyumbani hana kamba asiwageukie kabisa. Kijakazi alikuwa akimchana manyoya kwa chanuo naye ametulia. Siku moja duma alikojoa juu ya tandiko, Usama akamwona kijakazi akimtikisa na kumpiga, na duma hakumngurumia wala hakumrushia ukucha.

Hapa nasimama kidogo. Kumpiga kumo ndani ya kisa, sikufichi. Lakini jiulize kwa nini mnyama mwenye makucha yale alimstahimilia mwanamke yule. Sultani hakuwapo pale wala askari. Alikuwapo mkono mmoja uliomlisha kila siku, na mkono huo ulipoonya aliufahamu. Mkono wa mgeni ungerudi bila ya vidole.

Farasi mwenye shayiri ya uwongo

Kisa hiki karibu kila mwanafunzi wa chuo amekisikia. Husimuliwa kwamba Imam Bukhari alisafiri masafa marefu kwenda kupokea hadithi kwa mtu, akamkuta anamwita farasi wake kwa kukunja nguo kana kwamba ndani mna shayiri. Alipoona kwamba nguo ni tupu akageuza njia bila ya kuandika kitu, akisema hawezi kupokea maneno ya Mtume kwa mtu anayewadanganya wanyama. Mimi pia nimekisimulia mimbarini nilipokuwa kijana, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwani kisa hiki hakina sanad ya kutegemewa, na haijuzu kumbebesha Imam Bukhari tusichoweza kukithibitisha. Wakati mwingine shujaa wake huwa ni Bukhari na wakati mwingine ni imam mwingine, na hiyo peke yake yatosha kumtia shaka mwenye kuzingatia.

Kilichothibiti ni kidogo zaidi na kina faida zaidi. Ibnus-Salah (aliyefariki 643 Hijria, 1245 Miladia) amenakili kwamba Shu'bah bin al-Hajjaj, mmoja wa wakali wa wapokezi, aliulizwa kwa nini ameiacha hadithi ya mtu fulani, akajibu kwamba alimwona akimtimua mbio birdhawn, yaani farasi asiye wa Kiarabu. Na Ibnus-Salah hakulileta hili kwa kulisifu. Amelileta kuonyesha kwamba mtu aweza kutiwa dosari kwa jambo lisilokuwa dosari, na kwa hiyo mwenye kumkosoa mpokezi ataje sababu. Elimu yetu ni ya namna hii: hata Shu'bah huulizwa.

Ama ubaya wa kumdanganya mnyama, dalili yake iko karibu. Abdullah bin Amir (r.a.) amesimulia kwamba mama yake alimwita, naye mtoto, kwa kumwambia njoo nikupe kitu. Mtume (s.a.w.) akamwuliza mama amekusudia kumpa nini, akasema tende. Akamjulisha kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uwongo. Mtoto asiyepambanua na mnyama asiyesema wamekutana katika jambo moja, nalo ni kwamba hawana wa kumshitakia. Hata hivyo ngamia wa yule Ansari alishitaki. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani, ngamia akamwona, akalia na macho yake yakachuruzika machozi. Mtume akampangusa nyuma ya masikio akatulia, kisha akamwita mwenyewe akamweleza kwamba ngamia amemshitakia: unamshindisha na njaa na unamchosha.

Mlango tuliouhifadhi tusiuone

Nitasema wazi yale ambayo msomaji ananingojea niyakwepe. Mbwa kwetu Mashafi'i ni najisi nzito, chombo alichokitia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na hata mahali alipouma windo huoshwa hivyo hivyo kwa kauli sahihi zaidi. Kumfuga bila ya haja kunapunguza thawabu kila siku, nako kumethibiti kwa Bukhari na Muslim. Kwamba Malik amesema mbwa ni tahiri hakututoi sisi katika madhehebu yetu kwa ajili ya kupenda kwetu tu.

Lakini najisi ni hukumu ya kuosha. Haikuwa kamwe hukumu ya kuadhibu. Nilipokuwa mtoto tulitoka chuoni mchana tukiwa na mawe mifukoni, na mbwa wa jaani walitujua kwa sauti zetu kabla hatujaonekana. Tulikuwa tumehifadhi Safinatun-Najah ya Sheikh Salim bin Sumayr al-Hadhrami (aliyefariki 1271 Hijria, 1855 Miladia), na ukituamsha usiku wa manane tungekutajia najisi nzito bila ya kukwama. Katika kitabu hicho hicho kidogo, mlango wa tayammum, tulihifadhi pia kwamba miongoni mwa sababu za kutayamamu ni maji kuhitajika kwa kiu ya mnyama mwenye hishima, na kwamba wasiokuwa na hishima ni sita. Tukawahesabu sita hao kwa sauti ya pamoja. Mbwa aliyetajwa humo ni al-kalbul-aqur, mbwa mkali aumaye. Yule wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda hayumo katika sita.

Maana yake ni nini? Ni kwamba imam aliye safarini na kiriba kimoja cha maji, na mbwa wake wa mifugo ana kiu, atapaka udongo uso na mikono asali, na maji atampa mbwa. Tuliimba maneno hayo miaka miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaona.

Mafaqihi wameendelea kuliko hapo. Kumlisha mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki au kumshika, na akikataa hakimu humlazimisha. Al-Izz bin Abdis-Salam (aliyefariki 660 Hijria, 1262 Miladia), alipohesabu haki za wanyama juu ya binadamu katika Qawaidul-Ahkam, alitaja kuwagharimia hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena, na kutowabebesha wasichokiweza. Mbwa mzee asiyeweza tena kubweka bado anadai chakula chake.

Wala haikuwa sheria peke yake. Al-Jahiz wa Basra (aliyefariki 255 Hijria, 868 Miladia) katika Kitabul-Hayawan alijaza kurasa nyingi kwa mjadala baina ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo. Na Ibnul-Marzuban wa Baghdad (aliyefariki 309 Hijria, 921 Miladia) alitunga kitabu kizima kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi katika wavaao nguo, na shabaha yake kubwa ilikuwa marafiki wa zama zake wasiotimiza ahadi.

Nilipokutana tena na yule kijana nilimwambia hivi: "Mwanangu, kuweka mbwa kwa ulinzi kunajuzu kwa kauli sahihi zaidi ya madhehebu yetu, kwa kulinganishwa na mbwa wa mifugo. Mshahara wako ni ujira wa kazi yako ya ulinzi, hukuuza mbwa. Kichwa chake kikavu juu ya suruali kavu hakinajisi, kwani kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Mate na unyevu ndivyo vya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Weka nguo za kazi mbali na nguo za sala. Ama kumpiga mateke mnyama aliyekusogelea kwa sababu wewe mwenyewe umemzoesha kukusogelea, hilo sina kitabu kinachokuruhusu."

Akaniuliza kama afanye nini asubuhi, kwani zamu yake huisha kabla ya Alfajiri na mbwa hali kwa mkono wa mwenzake anayempokea. Nikamwambia amlishe kwanza, kisha aoshe alipopaswa kuosha, aje msikitini. Kanzu yake sasa imetundikwa msumarini karibu na mlango wa kutawadhia, na pembeni, ndani ya kopo la maziwa, pana udongo safi aliouleta mwenyewe.